Maji kwenye Bao la Mjomba

Katika ukoo wetu, ruhusa ya safari haitoki kwa baba, inatoka kwa mjomba. Mwaka juzi nilikuwa likizo Naipingo, nimebakiza wiki moja kurudi kwenye meli ya watalii ambako ni fundi wa chumba cha injini. Mjomba akasikia redioni kwamba meli kubwa imeungua huko mbali. Akampigia mama simu: mtoto haondoki tena.

Nikamfuata kwake Chinongwe. Nilimkuta barazani akicheza bao na jirani yake, magunia ya ufuta yamepangwa nyuma yao. Nikasubiri wamalize, kisha nikaomba birika la maji na bao lenyewe.

"Unataka kuniozeshea bao?" mjomba akauliza.

"Heri lioze," jirani akasema. "Leo kafungwa mara tatu."

Nikamimina maji kwenye shimo moja. Nikamweleza kwamba tumbo la meli limegawanywa hivyohivyo, kwa kuta za chuma. Likitoboka mahali, maji hujaa hapo tu, kwingine kunabaki kukavu na meli inaelea. Moto nao umewekewa mipaka, kama tunavyofyeka kuzunguka mikorosho ili moto wa porini ukifika ukose cha kula.

Mjomba akachukua birika, akamimina mpaka maji yakavuka shimo la pili, kisha la tatu. Akanitazama.

Sikumdanganya. Nilimwambia meli ikitoboka kupita kiasi itazama, ndiyo maana ina maboti ya kuokolea, na abiria hufundishwa mapema pa kukusanyika. Ila kuta zile zina milango, na mlango usiofunga ni sawa na ukuta uliotoboka. Kuijaribu milango hiyo ni kazi yangu.

"Ukikuta mmoja mbovu?"

Nikamsimulia siku nilipokuta mlango unakwama umebakiza upana wa kiganja. Tulikuwa bandarini, abiria wameshapanda. Fundi mwenzangu akasema tutautengeneza njiani. Nilikataa kutia saini kwenye fomu ya ukaguzi. Mkuu wa injini akashuka, akautazama mwenyewe, akamweleza nahodha, naye nahodha akaamua tusiondoke mpaka utengenezwe. Tulichelewa nusu siku.

"Hawakukuchukia?"

"Walininunia, mjomba. Lakini tuliondoka mlango unafunga."

Akainamisha bao, maji yakamwagika uani, akalifuta taratibu kwa kanga kuukuu, shimo baada ya shimo.

"Basi nenda," akasema. "Ila siku watakayokukataza kukataa, rudi nyumbani siku hiyohiyo."

Siku ya safari alinisindikiza mwenyewe hadi stendi ya Ruangwa. Kila aliyemsalimia aliambiwa kwamba mpwa wake ndiye anayeamua meli iondoke au isiondoke. Si kweli, mwenye kauli hiyo ni nahodha, na mimi kwa kawaida siachi jambo bila kulieleza likaeleweka. Siku hiyo nilinyamaza, nikabeba begi langu na kuitikia pongezi.