Madarasa Matatu, Asubuhi Mbili

Miaka ya themanini nilifundisha hesabu katika shule ya wasichana karibu na Zombe. Muhula mmoja mwalimu mkuu alinikabidhi kazi ya kupanga ratiba. Nilikata boksi la sabuni, kila kipande kipindi kimoja, nikavitandaza mezani. Nikiipanga Jumatatu vizuri, Alhamisi inaharibika. Wiki mbili zikaisha hivyo.

Niliishi nyumba moja na mwalimu wa fizikia, mzaliwa wa Kilungu. Mtoto wake alizaliwa kabla ya wakati na chupa aliikataa kabisa. Ilibidi mama afundishe asubuhi tu, kisha arudi kumnyonyesha.

"Kama haiwezekani, dada, niambie," alisema. "Nitaacha kazi."

Kwa aibu nilimwandikia mhadhiri wangu wa zamani wa mantiki, nikamwuliza nakosea wapi. Alinijibu kurasa mbili. Ratiba iliyokamilika, alisema, yeyote anaweza kuikagua kabla chai yake haijapoa. Kuitafuta ndiko kunakomaliza siku. Watu wa mantiki na wa kompyuta walikuwa wakijiuliza kama kuna njia ya haraka isiyoshindwa kamwe. Hakuna aliyeipata, wala aliyethibitisha kwamba haipo. Nilisoma barua pale pale posta, machozi yakanitoka. Kumbe sikuwa mjinga peke yangu.

Mwishoni aliandika: "Weka vipande kando. Andika kila sharti kama sentensi, uone kama zote zinaweza kuwa kweli pamoja."

Nilijaza daftari nusu, na hapo ndipo nilipoyaona yanayogongana. Maabara ni moja. Jumatatu na Jumanne asubuhi ni ya mwalimu wa kemia, anayetoka shule nyingine. Ijumaa asubuhi ni ibada. Zinabaki asubuhi mbili, na madarasa ya fizikia ni matatu, kila moja likihitaji asubuhi nzima ya majaribio.

Nikalipeleka daftari kwa mwalimu mkuu, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa.

"Madam, bado hujapata ratiba?"

"Haipo, mwalimu. Hata nikitafuta mpaka mwaka ujao. Angalia mwenyewe."

Alihesabu kwa vidole, akarudia. "Kwa hivyo ni huyu mama ama ni ibada."

"Ama kemia. Lakini yule mwalimu hana siku nyingine."

Aliliangalia daftari tena. "Mtoto amefika kilo ngapi?"

"Tatu na kidogo."

Akachukua kalamu, akafuta ibada ya asubuhi, akaiandika alasiri. "Mungu hatakasirika tukimwomba baada ya chakula," alisema.

Siku mbili baadaye vipande vyote vilikaa. Nilipeleka nakala nyumbani. Mwenzangu aliisoma kwa kidole, safu kwa safu, akisimama kila alipoona fizikia. Alinipakatisha mtoto, akaenda jikoni kuwasha moto, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie pale nikamsikia akiimba.