Khadidja na Maziwa ya Bihogo

"Apana, mzee! Wateja wangu hawanunui homa!" Khadidja alipaza sauti mpaka ng'ombe wakageuza masikio. "Jirani yangu alikunywa maziwa mabichi, sasa viungo vyote vinamuuma. Mi nachemsha!"

"Basi hununui," akajibu Mzee Musafiri, ameegemea fimbo. "Ukichemsha maziwa, chuchu za ng'ombe zinapasuka. Nenda ukachemshe maji."

Vita vilikuwa vimemteremsha mzee kutoka milimani hadi Kanyosha, pembezoni mwa mji, na ng'ombe watatu waliobaki. Hao ndio waliolisha nyumba yake. Khadidja naye alikuwa na kibanda cha chai mtaani Bwiza, na tangu barabara za milimani zifungwe, chai yake haikuona maziwa, wateja wakaanza kuhama. Walihitajiana, na hakuna aliyekuwa tayari kulisema hilo kwanza.

Mwisho wakapatana. Marcellin, daktari wa mifugo, apime maziwa ya kila ng'ombe. Yakiwa safi, Khadidja atayatia mabichi kwenye vikombe vya chai, yasione moto hata chembe. Mzee akamwapisha. Khadidja akaapa kwa Mwenyezi Mungu, akapewa chupa tatu, kila moja na uzi wa rangi ya ng'ombe wake.

Sasa, mwanamke huyu hata maji ya kuoshea miguu alikuwa anachemsha. Alipita nyumbani, akakuta jiko linawaka, na mkono ukafanya ulichozoea. Akachemsha maziwa yote, chupa baada ya chupa, akafunga nyuzi zake vizuri, akaenda kwa Marcellin akijisifu kwa usafi.

Marcellin alinusa, akacheka mpaka akashika meza. "Mama Khadidja, umenipikia! Dawa yangu inataka mabichi. Haya hayaniambii kitu. Rudi."

Njia nzima alitunga uongo wa chupa zilizovunjika. Lakini alipomkuta mzee anamkuna shingo Bihogo, ng'ombe wake mwekundu, akazitoa chupa zote tatu, nzima.

"Nimechemsha," akasema.

Mzee hakuacha kukuna. "Umemkosea Bihogo, si mimi. Utamletea mzigo wa majani mabichi, kichwani mwako."

"We mzee! Nipite mjini na majani kama punda?"

"Punda hajaapa."

Akampa maziwa mengine, na safari hii Khadidja hakupita nyumbani. Marcellin akatia matone ya dawa, wakangoja. Chupa mbili zilikuwa safi. Ile ya uzi mwekundu, mafuta yalipopanda juu, yakafanya pete ya zambarau.

"Bihogo mgonjwa, ana ile homa ya kuumiza viungo," akasema Marcellin. "Ataambukiza wenzake. Nyumbani kwa mzee wasiyanywe tena maziwa yake, na mchinjaji amchukue."

Khadidja alipompelekea habari, mzee hakulia. Aliuliza tu kama Marcellin ana hakika. Mambo ya majani hayakutajwa. Ng'ombe wa kuchinjwa atayafanyia nini?

Kesho yake Khadidja alikata majani kando ya mto Muha, akajitwika, umande unamtiririka shingoni. Kwenye kizuizi askari akamcheka: "Mama, kumbe we ndiye ng'ombe?"

"Ndiyo, na napiga teke."

Mchinjaji alikuwa ameshafika na kamba yake. "Ngoja," Khadidja akamwambia, kwa sauti ile ya kufukuzia walevi kibandani. Akautua mzigo mbele ya Bihogo.

Ng'ombe akala bila haraka. Mchinjaji akangoja. Mzee Musafiri akachuchumaa, akawa anachagua majani laini, anamlisha kwa mkono.

"Huna deni tena, mama," akasema, bila kuinua uso.