Ufuko Uliofagiliwa kwa Ajili ya Kalenda

Siku yangu ya kwanza kazini picha yangu ilitupwa kapuni. Nilikuwa nimeipiga asubuhi ileile, pale mto Lukuga unapotoka ziwani, nikaipeleka kwa fahari kwa Mkurugenzi wa nyumba ya uchapaji iliyotengeneza kalenda hapa Kalemie. Aliitazama, kisha akaweka kidole kwenye kona. Pale kulikuwa na mama mmoja akifua nguo, mdogo kama punje ya mchele.

"Amisi, huyu ni nani?"

"Sijui, Shefu. Anafua."

"Mimi sikukutuma kwa mama anafua. Nilikutuma kwa maji. Foto ya nature, muntu haingie mule. Rudia!"

Nilishangaa sana, lakini nilikuwa kijana na kazi niliitaka. Nikarudi mtoni, nikamwomba yule mama asogee. Alibeba beseni lake akasogea, nami nikapata picha yangu ya kwanza ya kalenda.

Vifaa nilifundishwa na Mkuu wa Maabara, mzee mkali aliyesafisha filamu gizani mpaka kamera za kidijitali zilipomtoa huko kwa nguvu. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba lenzi pana inakusanya kila kitu kilicho mbele yako, na lenzi ndefu inachagua kimoja na kuacha vingine nje. Vijana wa siku hizi wananiuliza wanunue kamera gani, na mimi nawajibu wanunue kwanza miguu mitatu ya kusimamishia kamera, iliyo mizito. Upepo wa ziwa letu hauna adabu. Ukiwa na miguu myepesi, ning'iniza chini yake mfuko wenye mawe, la sivyo picha zote zitatoka kama za mlevi.

Kabimba nilipelekwa kupiga miamba ya chokaa. Huko nilibadilisha lenzi hadharani mara moja tu, vumbi la saruji kutoka kiwandani likaingia ndani ya kamera, na Mkuu wa Maabara hakunisemesha wiki nzima. Kwenye maporomoko ya Bendera nilijifunza kupiga maji yanayoanguka: unapunguza mwanga kwa kioo cheusi mbele ya lenzi, unaacha kamera ifunguke kwa muda mrefu kidogo, na maji yanatoka laini kama uji. Kuhusu mahali pa kusimama, kumbukeni kwamba sisi wa upande huu jua linatutokea ziwani. Miamba ya ufukoni ipige asubuhi, maji yapige alasiri jua likiwa mgongoni. Na msihangaike na milima ya ng'ambo wakati wa kiangazi. Moshi wa nyasi zinazochomwa unaifunika. Subirini mvua ioshe hewa.

Hayo yote niliyajua vizuri, na niliringa nayo. Ndiyo maana Mkurugenzi alipotaka ufuko mweupe kwa kalenda ya mwisho kabla ya kustaafu kwangu, nilijua pa kwenda: ghuba ndogo kusini mwa Zongwe. Nyumba za kijiji ziko nyuma ya kilima, hazionekani. Mbele ni mchanga, miamba, na maji ya rangi mbili.

Tatizo lilikuwa ufuko wenyewe. Ulijaa mitumbwi, nyavu, na ndagala, dagaa wetu, walioanikwa juu ya mchanga. Nikapiga picha moja ya kupima mwanga, kisha nikaifuta, kama nilivyozoea. Mama Feza, aliyekuwa mkubwa wa wanawake waanikaji, akaja kunipokea.

"Papa, unataka tutoshe hivi vitu, tuviweke kando?"

"Mukiweza, Mama. Kidogo tu."

Kidogo! Kwa watu wa kule, mgeni hapokelewi penye takataka, na mimi nilikuwa mgeni. Walivuta mitumbwi nyuma ya miamba, wakakunja nyavu, wakakusanya ndagala wabichi kwenye vikapu, wakafagia mchanga kwa matawi mpaka nyayo zikaisha. Halafu wakajificha wenyewe, wakicheka. "Musipite mbele ya Papa wa foto!" Nilipiga kwa lenzi ndefu. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga.

Miezi michache baadaye Mkurugenzi alinituma kupiga picha za mkutano hapa mjini. Kampuni moja ilitaka kujenga hoteli. Taa ya kuonyeshea picha ikawashwa, na ukutani nikaiona picha ya kalenda yangu, kubwa kama mlango wa gereji. Mjumbe wa kampuni akaunyooshea kidole ufuko ule.

"Munaona wenyewe. Hapa hapatumiwi na muntu. Tutapafunga na senyenge, hakuna atakayeumia."

Nikashusha kamera. Nyuma ya ukumbi alikuwa ameketi Mama Feza, aliyetumwa na kijiji chake. Hakuangalia ukuta. Alikuwa ananiangalia mimi. Bila ufuko ule hakuna pa kuegesha mtumbwi wala pa kuanika samaki. Watabaki na nyumba nyuma ya kilima na njaa ndani yake.

Nikasimama. "Ile foto ni yangu. Pale kuko bantu. Mimi njo niliwatosha mbele ya kamera."

"Amisi, kaa chini!" Mkurugenzi alifoka.

Afisa wa ardhi, mtu mpole mwenye daftari, akaniuliza kama nilikuwa na picha nyingine inayowaonyesha. Nilikuwa nimeifuta. Nilisema hivyo mbele ya watu wote, na aibu niliyoisikia siwezi kuieleza. Akafunga daftari. "Basi kesho kutwa tutaenda kuona kwa macho."

Mama Feza akapiga simu kijijini. Alisema tu "wakubwa wanakuya" na mtandao ukakatika.

Tulikwenda wote kwa boti moja. Tulipoizunguka rasi, Mama Feza alishika mdomo. Ufuko ulikuwa mweupe, mtupu, umefagiliwa. Walisikia wakubwa wanakuja, wakasafisha.

Mjumbe wa kampuni akacheka. "Munaona?"

Niliruka majini na viatu vyangu. Nilikimbilia miamba, nikaanza kuvuta mtumbwi wa kwanza peke yangu, mzee mzima, huku Mama Feza akipiga kelele kutoka kwenye boti: "Rudisheni! Rudisheni vyote! Nani aliwaambia mufagie?"

"Tungepokea wageni na buchafu, Mama?" mwanamke mmoja alijibu, amebaki na tawi mkononi.

Mjumbe akasema tunapanga maigizo. Afisa alishuka botini. Alitembea mpaka katikati ya ufuko, akainama, akachota mchanga kwa mkono, akaupuliza. Mkononi mwake vilibaki vichwa vya ndagala na magamba madogo yanayong'aa. Akachota pengine, yaleyale. Akaenda kwenye miamba akaona mifereji iliyochimbwa na matumbo ya mitumbwi. Akaandika kwamba ufuko unatumiwa na wenyewe, na palepale akautoa kwenye ramani ya hoteli.

Watu walishangilia. Mimi nilikaa juu ya jiwe, nimelowa. Mama Feza akaja na kikapu, akaanza kutandaza ndagala karibu nami. Hakuwa na hasira. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa nayo.

"Papa," aliniuliza, "siku ile, siye tulikuwa tunaharibu foto?"

Kwa miaka yote ya kazi hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Ningeweza kumweleza habari za lenzi.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Niliona hivyo."

Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kuwapanga samaki wake mmoja mmoja. Mimi nikainuka, nikamshikia kikapu.