Sarafu za China na Jivu la Mama

Nilipenda sarafu za China kabla sijampenda msichana yeyote. Ya kwanza alinipa mhandisi Mchina aliyekuwa akijenga barabara karibu na kambi ya wakimbizi tulikokulia, Kigoma. Ni fedha tupu, na upande mmoja una mzee mnene mwenye masharubu, wa zama zile Wachina walipomwondoa mfalme wao. Tuliporudi Burundi na kupata shamba Buhinyuza, huku Muyinga, nilikuwa nazo tatu kitambaani, nyeusi tititi. Kwa sisi wakusanyaji wa sarafu za kale, weusi huo ndio mali yenyewe. Ukiusugua, umeiua sarafu.

Gitega kulikuwa na sonara, Mwislamu wa mjini, aliyekuwa na sarafu adimu ya joka, ya miaka ya mwisho ya mfalme huyo. Tulikubaliana kwa simu: tatu zangu kwa moja yake. Nikamwambia mama kwamba naenda mjini kuonyesha sarafu zangu. Asubuhi nikachukua kitambaa, nikaondoka bila kukifungua. Mpumbavu mimi!

Dukani, sonara alikifungua. Zilimeta kama sufuria za harusi. Alizigeuza, akazinusa: limau na jivu.

"Nani alifanya hivi, ndugu yangu? Sasa iko chuma tu. Mi siwezi kubadilisha, hapana."

"Mama," nilisema. Kisha, kwa kuwa nilitaka anione mwenzake, nikaongeza: "Si unawajua wamama wa kambini? Wakiona kitu cheusi, wanasugua tu."

Akacheka. Nikacheka naye, tena nikaendelea kucheka yeye alipokwisha kunyamaza. Mkataa kwao mtumwa, na mimi nilijiuza siku ile bila hata kulipata joka.

Nilirudi kesho yake nimejaa hasira, njia nzima nikipanga maneno ya kumwambia mama. Nilimkuta mlangoni ananingoja, vidole vimebabuka kwa limau.

"Walizionaje?" aliuliza kabla sijaketi. "Nilizisugua tangu alfajiri. Kule ukimbizini, mwanangu, kila ofisi tuliyoingia walitutazama miguu kwanza. Nikasema wewe hutaingia mjini na vitu vichafu, watu wakapata la kutucheka."

Yale niliyopanga njiani nikayaacha. Nikamwambia zilisifiwa sana.

"Hakucheka mtu?"

"Hakuna aliyecheka, mama," nilisema, nikainama kuvua viatu ili asinione uso.