Lifti Iliyokaa Ndani ya Masanduku

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa koti jekundu lenye vifungo vya shaba, nikaripoti kwenye jengo lisilo na paa. Mkurugenzi wa mradi alinitazama juu mpaka chini, akacheka, akaniita raia kwa Kifaransa, kama sote tulivyoitana enzi hizo.

"Sitwayeni, we njo mutu wa asanseri? Karibu. Asanseri yenyewe iko bado ku Tenke, mu treni."

Kazi ya kuendesha asanseri, yaani lifti, nilikuwa nimeisomea Lubumbashi: kusimamisha chumba chake sawasawa na sakafu, mzee asijikwae, kufunga mlango wa chuma bila kelele. Nyinyi vijana mnabonyeza tu. Enzi zetu ilikuwa kazi ya mkono, na mkono mbaya uliwatapisha watu.

Lifti ilifika Kolwezi katika masanduku ya mbao, yakapangwa chini ya jengo. Siku hizo hizo bei ya shaba ikashuka, banki ikakataa kuendelea kukopesha, waashi wakaondoka. Mahakama ikatangaza kwamba kampuni iliyokuwa ikijenga imefilisika. Nikapata mkubwa mpya, mfilisi, yaani mtu anayewekwa na mahakama kushika mali mpaka wadai wagawane. Akanifanya mlinzi wa masanduku.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Lifti ikiwa sandukuni ilikuwa ya aliyeiuza, kwa kuwa hakulipwa. Ikishafungwa ukutani ingekuwa sehemu ya jengo, na jengo lilikuwa rehani ya banki. Avoka wa banki, mwanasheria wake, akaja na fundi.

"Afunge leo leo!"

Mjumbe wa muuzaji akasimama mbele ya masanduku na suti yake nzuri, mikono kaitanua.

"Mutu asiguse! Hata visi moja ya kukaza!"

Nikamgeukia mfilisi. "Chefu, mi naomba bafunge tu. Ikuwe ya banki, ikuwe ya muuzaji, batu bapande."

"Sitwayeni, tribinali imesema bitu bikae vile biko."

Vikakaa. Kesi ikaenda, ikarudi, na mvua ikaingia kwa juu kila mwaka. Wapiganapo tembo wawili, nyasi ndizo huumia, na nyasi nilikuwa mimi na koti langu.

Mwishowe muuzaji akashinda. Mjumbe wake akafungua sanduku la kwanza mbele yetu. Mota ilikuwa imeliwa na kutu. Akarudisha mfuniko, akaenda zake bila kuaga. Nililia, na sioni haya kusema.

Baadaye nilikuwa tarishi wa mahakama hiyo hiyo, kisha karani wa mkuu wa stesheni, mpaka pensheni. Kazi safi zote, lakini hakuna iliyokuwa yangu. Inaniuma mpaka leo kwamba wakubwa wale waliona mali tu, hakuna aliyeona kazi.

Juzijuzi binti yangu alinipeleka kwa daktari Lubumbashi, ghorofa ya sita. Tulipoingia kwenye lifti, mama mmoja akatufuata na mtoto mgongoni, mikono yake imejaa mizigo. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye vitufe.

"Etaji ya ngapi, mama?"

"Ya ine, tata."

Nikabonyeza ya nne, nikamfikisha. Akashuka bila kugeuka. Katika maisha yangu yote ya kazi, huyo ndiye abiria wangu wa pekee.