Mkata Nyama na Kioo cha Saba

Maabarani walimwita Mama Vioo, kwa sababu miaka ishirini na sita alikuwa akikata vipande vya nyama ya wagonjwa, vyembamba kuliko ganda la kitunguu, na kuvibandika kwenye vioo ili daktari avitazame kwa hadubini. Wifi yake, mke wa kaka yake, alimpa jina lingine: "mkata nyama". Alilitamka mbele ya ukoo mzima, tena kwa kicheko, na tangu siku hiyo hawakusemezana. Mwaka wa pili sasa.

Msomaji wa vioo alikuwa daktari aliyejiita Bingwa hata kwenye simu. Lo, mtu yule kwa maneno! Alikuwa na hotuba moja, akaizungusha kila ukumbi wenye kipaza sauti: kwamba seli za mwili zimeshikana kwa gundi, kwamba kuna ishara zinazoiambia seli ikae, iachie au itembee, kwamba ishara zikivurugika gundi hupotea, seli zikaanza kutangatanga, na saratani ikasambaa. Watu walipiga makofi. Dawa yenyewe ya kuionyesha hiyo gundi, kichupa kama kidole gumba, aliifungia kwenye friji kwa kufuli. Hiyo ilikuwa ya maonyesho. Wagonjwa walisomewa kwa rangi za kawaida, mbio mbio, maana saa nne kamili Bingwa lazima awe ameshika kikombe cha chai.

Jumatatu moja ikaletwa nyama iliyotolewa kwenye uvimbe wa titi. Mama Vioo akasoma fomu, akairudia: jina la wifi. Akakata hivyo hivyo. Bingwa akachungulia kioo kwa muda wa kupiga chafya mbili, akaandika, "Hakuna saratani," akatia sahihi.

Mama Vioo akakitazama mwenyewe. Seli ndogo ndogo, zimeponyoka kwa wenzao, zinafuatana moja moja kwenye mstari.

"Daktari, hizi zimepanga foleni. Tuziwekee dawa ya gundi."

"Mama, wewe kata, mimi nisome. Kila mtu na kazi yake."

"Haya, baba."

Haya gani! Majibu yangetoka Alhamisi, wifi arudi nyumbani akishangilia, na ugonjwa nao uendelee na safari zake. Na tuseme ukweli, kwa dakika moja Mama Vioo aliwaza: si mimi ni mkata nyama tu? Kisha akajionea aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Kesho yake Bingwa alikuwa na wanafunzi wa udaktari. Akampa Mama Vioo ufunguo wa friji. "Niandalie vioo sita vya gundi." Mama Vioo akaandaa saba.

Picha zilitokea kubwa ukutani, na Bingwa akafika cha saba akiwa amenogewa. "Angalieni! Mifereji ya kawaida ya maziwa hii hapa, imeshika rangi ya kahawia, gundi ipo. Hizi ndogo je? Hazina hata tone! Zimeachiana, zinajiendea. Saratani hii hata kipofu anaiona. Daktari atakayeikosa arudishe cheti chake!"

Wanafunzi wakaandika neno kwa neno.

"Nikusomee namba ya mgonjwa wa kioo hiki, daktari?" Mama Vioo akauliza kwa upole wa mtu anayembembeleza mtoto alale. "Ili tuiandike kwenye majibu."

Akaisoma. Bingwa aliijua, alikuwa ameitilia sahihi jana. Akazima picha, akasema twendeni chai. Ilikuwa saa tatu na nusu.

Majibu yakabadilishwa kimya kimya. Wifi akapasuliwa, akatibiwa, nywele zikanyonyoka, zikaota tena. Mwaka uliofuata kaka akaita ukoo wote kushukuru, na wifi akasimama katikati ya sebule.

"Yule Bingwa ana macho, jamani! Bila yeye mngekuwa mmenizika." Akamgeukia Mama Vioo. "Na wewe mkata nyama, unashinda naye kila siku, hujajifunza kitu?"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Maneno yalimfika Mama Vioo kwenye ncha ya ulimi, yote, na namba juu. Akamtazama wifi yake alivyonawiri, anacheka mpaka anashika mbavu. Akayameza.

"Najifunza, wifi," akasema. "Lete sahani nikuongezee."