Doa la Kahawia

Dobi hakuwahi kulipenda tangi lile. Mumewe, fundi friji, alilitengeneza mwenyewe kwa vioo vya friji ya duka iliyokufa, akalisimika kwenye kona ya chumba chao kimoja, akalijaza maji ya chumvi na matumbawe hai, na tangu siku hiyo majirani wakaliita mke mwenza. Dobi alicheka nao, lakini ya moyoni aliyajua mwenyewe. Asubuhi na mapema alishatoka kwenda kupiga pasi. Usiku akirudi, taa ya tangi imezimwa. Na Jumapili, mume alipokaa kuyakodolea macho matumbawe yake, yeye alilipa tangi mgongo makusudi kabisa.

Kisha fundi akaanguka kutoka kwenye ngazi, kichwa kikatangulia. Alipona kifo, tushukuru, ila alirudi kutoka hospitali na macho yasiyovumilia mwanga. Hata balbu ya chumba ilimpiga kichwani kama nyundo. Daktari alisema akae gizani, kazi aisahau kwanza, na lini atarudi kuwa mtu hakuna aliyejua. Mwanaume aliyekuwa hatulii, sasa kulala chali kutwa, taulo machoni.

Siku ile ile aliuliza, "Matumbawe yangu?"

"Yapo. Yamekuwa ya kahawia tu." Dobi alikuwa ameipunguza taa ya tangi mpaka mwisho muda wote wa hospitali, ili umeme waliolipia usiishe.

"Yamekosa mwanga. Tutaongeza kidogo kidogo, nitakuelekeza."

"Na kichwa chako je, mume wangu?"

"Mimi nina taulo. Yenyewe chakula chake ni mwanga, tukiwanyima ndio basi tena."

Tukiwanyima, kama anazungumzia watoto. Dobi akamwomba bosi wake amruhusu kupigia pasi nyumbani, wakatundika shuka kati ya kitanda na tangi, na mwanga ukapita pembeni vilevile.

Maisha yakawa hayo. Dobi ananyoosha kola, fundi anaelekeza kutoka kitandani.

"Zungusha swichi kidogo. Kahawia inatoka?"

"Inatoka."

"Safi sana! Acha yazoee, halafu ongeza tena."

Na kweli ilikuwa inatoka, hakumdanganya hata kidogo. Kila walipoongeza, fundi alilipia kwa kichwa. Aliuma ncha ya taulo, jasho likamtoka, na bado akakataa taa kuzimwa kabla ya wakati wake. Dobi alitaka kuzima. Alitaka kulia, na alitaka kumpiga mtu, ila hakuona wa kumpiga. Lakini fundi akisema "zungusha", sauti yake ya zamani ilirudi, ile ya kufokea wasaidizi, na hicho ndicho kitu pekee duniani alichokuwa bado anaweza kukitengeneza. Nani angemnyang'anya? Dobi alizungusha. Akaanza hata kuyapenda matumbawe yale, akawa anainama kwenye kioo na kuyakagua kama anavyokagua shati la mteja mkorofi.

Asubuhi moja hakungoja kuulizwa.

"Mume wangu, tumemaliza! Hakuna doa hata moja. Meupe pe!"

"Meupe vipi?"

"Meupe, kama shati la bwana harusi."

"Hata lile la kijani, la mbele?"

Pasi ikabaki hewani mkononi mwa Dobi. "Kwani lilikuwa la kijani?"

Fundi aligeukia ukutani. Aliposema, alisema taratibu, bila ukali, na heri angefoka. "Yakiwa meupe hivyo yameungua. Mwanga umezidi. Kahawia ilikuwa iondoke ili rangi zake zirudi."

"Hukuniambia."

"Sikukwambia. Nilijua unazijua."

Dobi aliiweka pasi chini. Miaka yote ya kulipa tangi mgongo, halafu kulitazama kwa moyo wote, na kumbe macho yake ndiyo yaliyoua. "Nifanye nini? Niambie tu, nitafanya."

"Zima kwanza. Yapumzike."

"Yatapona?"

"Sijui."

Alizima. Chumba kikabaki na nuru hafifu iliyopenya kwenye pazia. Dobi alisikia kitanda kinalia, akageuka, akamkuta mumewe amejiinua kwenye kiwiko, taulo ameliteremsha mpaka puani. Tangu hospitali alikuwa hajayafumbua macho yake chumbani humo ila kwenye giza totoro. Aliliangalia tangi, akapepesa, akamwangalia mkewe kutoka utosini hadi miguuni.

"Umekonda hivi," alisema, "tangu lini?"

Dobi alifungua mdomo ajibu, lakini fundi alishajifunika tena, akiugua. Nuru ya pazia nayo ilikuwa imemzidi.